Mgeni Atokaye Nchi ya Barafu

Wakati wa kusi, tangu Julai hata Oktoba, wavuvi waendao mbali baharini huona mara nyingine mvuke ukiruka juu ya maji kama moshi wa jiko, kisha mgongo mweusi ukainuka, mrefu kuliko mashua, ukazama tena. Huyo ni nyangumi mwenye nundu. Watoto wetu wa Mlingotini wakisikia habari hiyo huuliza, “Atoka wapi?” Swali hilo ni jema, nasi twapenda kulijibu.

Atoka kusini kabisa, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa, katika bahari izungukayo bara liitwalo Antaktika. Ninyi mliouona mlima wa Kilimanjaro mwajua barafu ya kileleni. Basi fikirini nchi yenye ukubwa kama mara 15 wa Tanzania, nayo karibu yote imefunikwa na barafu. Haina mti hata mmoja, wala haikuwa na wenyeji tangu zamani. Nahodha James Cook alikaribia bara hilo mwaka 1773, asilione. Likaonekana mwaka 1820. Roald Amundsen wa Norwe alifika kwenye ncha yenyewe ya kusini tarehe 14 Desemba 1911. Robert Scott, Mwingereza, akafika 17 Januari 1912, akaikuta bendera ya mwenzake. Naye na wenzake wanne wakafa njiani walipokuwa wakirudi.

Lakini bahari ya nchi hiyo kali ina chakula tele. Wakati wa kiangazi cha huko hujaa uduvi wasiohesabika, na nyangumi huwala hata akanenepa. Kisha majira ya baridi yakikaribia, mama mwenye mimba huanza safari ya kuja maji yetu ya moto, yamkini kwa maana mtoto wake huzaliwa na shahamu chache, asiweze kustahimili vema baridi ile. Hapa mama hali karibu kitu. Aishi kwa shahamu zake mwenyewe, na kwa hizo humnyonyesha mtoto, mpaka apate nguvu za kurudi naye kusini. Mama zetu wataelewa jambo hili pasipo kufafanuliwa.

Sasa tusikilize habari ya huzuni. Wapelelezi walirudi wakisimulia wingi wa sili na nyangumi, na nyuma ya habari hizo wakaenda watu wa tamaa. Mwaka 1904 Carl Anton Larsen, Mnorwe, alianzisha kituo cha kuwinda nyangumi huko Grytviken, katika kisiwa cha South Georgia. Chusa haikutupwa tena kwa mkono, bali ilirushwa kwa mzinga. Halafu zikaja meli kubwa za kuchinjia na kuyeyusha mafuta papo hapo baharini. Katika karne hiyo moja waliuawa nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 katika bahari za kusini. Hivyo bahari yetu ikapungukiwa na wageni wake, wala mikono yetu haikuwamo katika kazi ile. Ndivyo ilivyo dhambi ya tamaa: hutendwa mahali pamoja, na hasara yake hufika mbali.

Hata hivyo wanadamu walijirudi. Mwaka 1959, huko Washington, mataifa 12 yaliahidiana kwamba Antaktika itumiwe kwa amani tu na kwa kutafuta elimu, pasipo vita. Mwaka 1963 ilikatazwa kuwawinda nyangumi wenye nundu wa kusini. Wako waliovunja sheria hiyo kwa siri, lakini tangu mwaka 1986 uwindaji wa biashara umesimamishwa kwa mapatano ya mataifa mengi. Mwaka 1991 yakaongezwa mapatano ya kukataza kuchimba madini katika bara lile. Leo wakaao huko ni wataalamu na wasaidizi wao, wapatao kama 1,000 tu wakati wa baridi kuu, wakipima hewa, barafu na nyota. Nao nyangumi wameongezeka tena.

Basi, ndugu, tusiwahukumu wawindaji wale na kujisahau wenyewe. Pwani zetu nazo zimesikia mlio wa baruti, uuao samaki wakubwa na wadogo pamoja, na kuvunja matumbawe walimozaliwa. Atupaye baruti hupata kitoweo cha siku moja, akamnyang’anya mjukuu wake kitoweo cha miaka. Nyavu za macho madogo mno hufanya vivyo hivyo.

Ninyi walimu, wachoreeni watoto njia ya nyangumi, tangu barafu hata pwani yetu. Nanyi wazazi, mkikaa jioni pamoja na watoto, wafundisheni kwamba bahari ni mali ya Muumba, nasi ni watunzaji tu. Mama yule ametoka mbali pasipo kula, akiamini kwamba maji yetu ni salama kwa mtoto wake. Na tumstahi mgeni huyu.