Moyo wa askari: kutoka Philadelphia hadi bandari ya Kalemie (sehemu ya nne)

Tangu Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, boti na mitumbwi kutoka Uvira na Baraka imekuwa ikishusha watu hapa Kalemie pamoja na magodoro, masufuria na watoto wao. Redio hutuhesabia vichwa na mahema, na hututahadharisha juu ya kipindupindu. Lisilohesabiwa ni hili: mtu amefika salama, amepata pa kulala, amekula. Usiku anashtuka, moyo unamwenda mbio, pumzi haitoshi, vidole vinamfa ganzi, naye ana hakika kwamba saa yake imefika. Ndugu wanambeba mpaka kituo cha afya. Tansiyo inapimwa, anawekewa serumu, asubuhi anaambiwa hana kitu. Wiki inayofuata yanarudi yale yale, na safari hii jirani ameshaanza kunong'ona habari za uchawi.

Katika sehemu tatu zilizotangulia tulipambanua wasiwasi wa kila mtu na wasiwasi uliovuka mpaka, tukaona pia jinsi unavyoharibu usingizi kwanza. Sitarudia. Leo ni zamu ya shambulio la hofu lenyewe, na kwa kuwa nimekusanya habari zake kwa miaka mingi, msomaji anivumilie nianzie mbali.

Wakati Wamarekani wanapigana wenyewe kwa wenyewe, kati ya 1861 na 1865, daktari mmoja wa Philadelphia, Jacob Da Costa, aliletewa askari vijana wenye malalamiko yanayofanana: moyo kudunda ovyo, kifua kuuma, pumzi kukatika, kizunguzungu. Aliweka sikio kifuani mwa mmoja baada ya mwingine, na kwa wengi hakukuta moyo wenye kasoro. Mwaka 1871 alichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 300 wa namna hiyo. Yeye alidhani chanzo ni homa, kuhara na mwendo mrefu wenye mizigo, na hapo hakulenga sawasawa. Lakini hakuwaita waoga, wala hakuwaita waongo. Aliandika alichokisikia. Madaktari waliomfuata waliuita ugonjwa huo moyo wa askari, na mimi ningali nalipenda jina hilo kuliko yote yaliyotungwa baadaye, maana hakuna anayemcheka askari kwa kuwa na moyo.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoleta jambo hili hadi karibu na mlango wetu. Vijana wa Kalemie hupita bandarini kila siku bila kujua kwamba maji haya ya ziwa Tanganyika yalikuwa uwanja wa vita. Reli kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ikaleta boti mbili za Waingereza, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Zilikuwa zimeshushwa Cape Town, zikapandishwa treni hadi Fungurume, zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, zikateremka Lualaba kutoka Bukama, ndipo zikapanda reli ya Kabalo. Ziliitwa Mimi na Toutou. Mkuu wa msafara huo, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wa London wakakataa, naye akawapitishia majina ya kitoto ya Kifaransa yenye maana ile ile. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Wajerumani Kingani katika mapigano ya dakika 11. Tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Kisha likatokea jitu lenyewe, Graf von Goetzen, ambalo leo tunaliita Liemba. Spicer-Simson, yule aliyekuwa akijigamba mbele ya kila mtu, hakutoka bandarini kulikabili. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudishwa Uingereza, mgonjwa. Wengi wamemdhihaki kwa hilo. Mimi sikubaliani nao: ushujaa wa Desemba haumpi mtu hati ya ushujaa wa Februari, na anayemcheka mwenzake hajui siku yake.

Miezi hiyo hiyo, hospitali za Ulaya zilikuwa zimejaa askari wanaotetemeka, waliopoteza sauti, wasiolala. Mwezi Februari 1915 Charles Myers alikuwa ameandika habari zao katika jarida la Lancet, akidhani mshindo wa mizinga umeutikisa ubongo wao. Muda si muda ikaonekana kwamba hata waliokaa mbali na mizinga walikuwa na hali hiyo. Aliyelielewa jambo vizuri zaidi ni W.H.R. Rivers, katika hospitali ya Craiglockhart huko Scotland. Kabla ya kuwa tabibu wa askari, Rivers alikuwa amekaa na watu wa visiwa vya mlango wa bahari wa Torres, na Watoda wa India, na watu wa Melanesia, akiwauliza nasaba na desturi zao. Kazi hiyo ilimfunza kusikiliza. Mwezi Desemba 1917 aliwaambia madaktari wenzake kwamba ushauri uliokuwa ukitolewa kila mahali, yaani sahau, usifikiri tena, jikaze kiume, ndio uliokuwa ukiwazidishia wagonjwa maumivu. Yeye aliwaketisha, wakasimulia, polepole. Ushauri nasaha wa leo una deni kubwa kwa vyumba vile.

Hapa nina uchungu wangu. Huku kwetu, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, Force Publique, liliingia Tabora Septemba 1916, na nyuma yake walitembea wapagazi, maelfu kwa maelfu, babu zetu, wakibeba risasi na unga. Mapigo ya moyo ya maofisa wa Ulaya yalihesabiwa, yakaandikwa, wakalipwa pensheni. Mapigo ya moyo ya mpagazi wa Kitanganyika hayakuandikwa na mtu. Alirudi kijijini akishtuka usiku, watu wakasema amerudi na mzimu wa kule. Nasi wajukuu tungali tunasema hivyo hivyo.

Turudi kwa mgonjwa wetu, maana nafasi inakwisha. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo. Hatari ikija zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia, damu inaelekea misulini, mtu anapata nguvu za kukimbia. Mji huu unazijua nguvu hizo: ndizo zilizotutoa nje ya nyumba Desemba 5, 2005, tetemeko lilipofikia kipimo cha 6.8, na ndizo zilizowatoa Nyunzu watu waliokimbilia kambi ya Katanika. Katika shambulio la hofu mwili unafanya kazi ile ile bila adui kuwepo. Mtu anahema upesi mno, kabonidioksidi inapungua katika damu, na kwa hiyo vidole vinawasha na kichwa kinazunguka. David Clark wa Oxford alieleza mwaka 1986 kinachofuata: mgonjwa anazifasiri dalili hizo kuwa ni kifo, tafsiri hiyo inaongeza hofu, hofu inaongeza dalili. Kwa kawaida kilele hufika ndani ya dakika 10, kisha mambo hutulia. Shambulio lenyewe haliui.

Lakini nisisikike nikisema kila kifua kinachobana ni hofu. Malaria, upungufu wa damu, tezi ya shingo na moyo wenyewe huweza kuleta sura hiyo hiyo. Mara ya kwanza, nenda ukapimwe. Mwenye homa, au aliyezimia, au anayeumwa kifua akipanda mlima, asisubiri. Vipimo vikiwa safi na hali ikarudi, hapo ndipo mtu anahitaji mshauri, si serumu ya pili. Shambulio likija, keti, toa pumzi kwa utaratibu, ndefu kuliko unavyovuta, na uache wimbi lipite bila kukimbia mahali ulipo. Pombe ya lotoko hutuliza kwa saa chache na kuongeza mashambulio kesho yake. Diazepamu ya kununua sokoni, bila karatasi ya daktari, huweza kumfunga mtu. Na kile chumba cha maombi ambamo mgonjwa hufungwa kamba na kunyimwa chakula, sina neno la upole kwa hicho. Kuomba ni kwema. Kamba si maombi.

Wapo wanaosema ushauri ni mambo ya Wazungu, na kwamba kwetu hakuna wasomi wa kuufanya. Hao nawajibu kwa habari ya Kivu, iliyochapishwa mwaka 2013. Katika vijiji 15, wanawake walionusurika ukatili wa kingono walisaidiwa na wasaidizi Wakongomani wa kisaikolojia na kijamii, wale tunaowaita APS, wengi wao wakiwa na miaka michache tu ya shule baada ya msingi, waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa. Katika baadhi ya vijiji hivyo wanawake walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Katika vingine walikaa pia kwa vikundi, wakijifunza kuyachunguza mawazo yao wenyewe. Miezi sita baadaye, waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa 42 kwa mia upande wa kwanza, na 9 kwa mia upande wa vikundi. Hakukuwa na dawa ya ng'ambo hapo. Kulikuwa na mkeka, mazoezi, na sharti moja: linalosemwa hapa halitoki hapa.

Sharti hilo ndilo ninaloona linatushinda Kalemie. Mtu akionekana akiingia mlango wa APS, kabla ya jua kutua kartye nzima inajua. Ndiyo sababu wanaume hawaendi.

Kwa hiyo naomba mawili. Wakuu wa vituo vya afya, mgonjwa aliyeletwa mara ya pili huku vipimo vyake vikiwa safi msimrudishe nyumbani kwa kumwambia hana kitu; mkabidhini kwa APS siku hiyo hiyo, ndani ya jengo lile lile, ili asionekane akitafuta mlango mwingine. Nawe msomaji, ukimwona jirani yako akitoka humo, msalimie na upite.