SARATANI YA MAPAFU: SELI ZINAPOKOSA WALINZI

Katika kutembelea kaya tunaulizwa sana: saratani ya mapafu hutoka wapi? Wapo wanaosema mtu amelogwa, na wapo wanaoogopa kuambukizwa kama kifua kikuu. Yote mawili si kweli. Saratani huanzia ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe.

Seli hugawanyika vipi?
Mwili umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho. Seli zikizeeka hufa, na nyingine hugawanyika ili kujaza nafasi. Kazi hii huongozwa na protini. Zipo zinazoihimiza seli igawanyike, kama saiklini, na zipo zinazoizuia. Kwa kugundua mambo makuu ya utaratibu huu, Leland Hartwell wa Marekani pamoja na Tim Hunt na Paul Nurse wa Uingereza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Walinzi wawili
Protini iitwayo RB ni kama mlinzi wa mlangoni: huizuia seli kuanza kugawanyika kabla ya wakati. Nyingine, p53, ni mkaguzi. Ikikuta jeni za seli zimeharibika, huisimamisha seli ili ijirekebishe. Ikishindikana, huifanya seli hiyo ife.

Moshi hufanya nini?
Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Mojawapo, benzopairini, hugeuka sumu mwilini na kujibandika kwenye jeni, hata ile inayotengeneza p53. Jeni hiyo ikiharibika, mkaguzi hutoka mbovu. Seli yenye kasoro huachwa igawanyike: mbili, nne, nane, hadi uvimbe. Uharibifu huu hujikusanya kwa miaka mingi. Ndiyo maana mvutaji husema, "Mbona mimi ni mzima?" wakati madhara yameshaanza.

Tufanye nini?
- Acha sigara na tumbaku ya kusokota. Miaka 10 baada ya kuacha, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hupungua kwa karibu nusu ukilinganisha na anayeendelea kuvuta.
- Usivute ndani ya nyumba. Moshi wako huwadhuru pia mke, mume na watoto.
- Moshi wa kuni nao huumiza mapafu. Pika mahali penye hewa.
- Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya upimwe makohozi. Mara nyingi si saratani. Huenda ni kifua kikuu, nacho hutibika.
- Kama kifua kikuu hakikuonekana, au umemaliza dawa na bado unakohoa, unatoa damu, unakonda au kifua kinauma, rudi haraka. Mweleze mganga umevuta kwa miaka mingapi.

Ukitaka kuacha sigara na unashindwa, zungumza na mhudumu wa afya wa mtaa wako. Hatutakucheka. Tutakusaidia.