Vibao 27 vya mwanafunzi vyazua swali: mtaa ni wa nani?

Na Mwandishi Wetu

USIKU mmoja wa mvua mwezi Januari 2012, watu watatu walizunguka katikati ya Raleigh, mji mkuu wa jimbo la North Carolina nchini Marekani, wakiwa wamebeba vibao vya plastiki na vifungo vya kuvibania. Walipomaliza kazi yao, vibao 27 vilikuwa vimefungwa kwenye nguzo za makutano matatu ya barabara.

Maandishi yake yalikuwa mafupi. Kimoja kiliwaarifu wapita njia kwamba makaburi ya jiji yako mwendo wa dakika saba kwa miguu. Kingine kilieleza kuwa Glenwood South, eneo maarufu kwa migahawa na burudani, ni mwendo wa dakika 18. Kila kibao kilikuwa na mshale, rangi ya kutofautisha aina ya mahali panapoelekezwa, na alama ya msimbo ambayo mwenye simu ya kisasa aliweza kuisoma kwa kamera na kupata ramani ya njia.

Aliyebuni mpango huo, Matt Tomasulo, alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili akisomea usanifu wa mandhari na mipango miji. Hakuwa na kibali cha mamlaka yoyote. Hata hivyo, katika muda usiozidi miezi michache, vibao vyake viliondolewa kwa kuvunja sheria, kisha vikarudishwa kwa idhini ya baraza la jiji lenyewe.

Mkasa huo unaeleza vyema namna wanafunzi wa vyuo katika nchi mbalimbali wanavyoigeuza mitaa kuwa maabara, na kwa nini majaribio yao huzipa shida halmashauri za miji.

Kwa nini dakika na si kilomita

Raleigh, kama miji mingi ya Marekani iliyopanuka baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilijengwa kwa kumfikiria zaidi mwenye gari. Kwa msomaji aliyezoea miji ambako watu wengi hutembea kwa sababu hawana usafiri mwingine, tatizo la Raleigh linaweza kuonekana la ajabu. Wakazi walikuwa na miguu yenye afya na sehemu za kwenda zilikuwa karibu, lakini waliwasha magari kwa safari fupi kwa kuamini kuwa huko waendako ni mbali.

Tomasulo alitaka kujua iwapo imani hiyo ingebadilika pale mtu atakapoelezwa ukweli akiwa amesimama barabarani. Ndiyo maana alitumia dakika. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida huenda takriban mita 80 kwa dakika, hivyo mwendo wa dakika saba ni zaidi kidogo ya nusu kilomita. Nusu kilomita ni hesabu inayohitaji kufikiriwa, ilhali dakika saba kila mtu anazifahamu.

Sababu ya kukwepa ofisi za jiji ilikuwa ya kawaida. Kufuata taratibu za kibali, pamoja na bima iliyotakiwa, kungechukua miezi mingi na kugharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Kiasi hicho ni kikubwa kwa mwanafunzi, na muda huo ni mrefu kwa jambo ambalo hakuna aliyejua kama lingefaulu.

Sheria yaingilia kati

Habari za vibao zilienea upesi katika intaneti, na Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) likatuma waandishi wake Raleigh. Umaarufu huo ndio ulioleta mtihani. Mkurugenzi wa mipango miji wa wakati huo, Mitchell Silver, alivutiwa na wazo hilo kwa kuwa lilikwenda sambamba na malengo ya jiji ya kuhimiza watu kutembea. Lakini mara suala la kibali lilipoibuka hadharani, hapakuwa na namna ya kulikwepa. Vibao vikaondolewa.

Tomasulo hakwenda mahakamani wala hakuvirudisha kwa siri. Aliandaa waraka wa maombi katika intaneti, na ndani ya siku tatu watu 1,255 walikuwa wametia saini wakitaka vibao virejeshwe. Baraza la jiji lilipolijadili suala hilo, ufumbuzi uliopatikana ulikuwa mwepesi. Mwanafunzi huyo alivikabidhi vibao kwa jiji kama zawadi, nalo jiji likavirudisha kama mradi wa majaribio wa siku 90.

Baadaye mwaka huohuo, Tomasulo aliomba michango ya umma kupitia mtandao wa Kickstarter ili miji mingine iweze kutengeneza vibao vya aina hiyo. Watu 549 walichanga zaidi ya dola 11,000.

Mtaa kama maabara

Wazo la kuujaribu mtaa kabla ya kuubadili moja kwa moja si geni. Novemba 1962, jiji la Copenhagen nchini Denmark liliifunga barabara ya Strøget isipitike kwa magari, kwa jaribio la muda. Wafanyabiashara wengi walihofia kukosa wateja. Jaribio lilipoendelea ilionekana kuwa watu walizidi kumiminika mtaani, na mwaka 1964 uamuzi ukafanywa kuwa wa kudumu. Katika miaka iliyofuata, watafiti wa chuo cha usanifu cha jiji hilo, akiwamo Jan Gehl, walikaa mtaani wakihesabu wanaopita, wanaosimama na wanaoketi. Hesabu hizo ziligeuka hoja zilizotumiwa na wapangaji wa miji mingi.

Mfano mwingine ulitoka San Francisco. Novemba 2005, kikundi cha wabunifu kiitwacho Rebar kililipia maegesho ya gari moja kando ya barabara, lakini badala ya kuegesha gari kikatandika nyasi, kikaweka benchi na mti mmoja. Muda uliolipiwa, saa mbili, ulipokwisha, kila kitu kilikunjwa na kuondolewa. Jambo hilo liligeuka siku ya kila mwaka inayoadhimishwa mwezi Septemba katika miji ya nchi nyingi. Jiji la San Francisco lenyewe, kuanzia mwaka 2010, lilianza kuruhusu vibaraza vya mbao vyenye viti na mimea kujengwa mahali pa kuegesha magari.

Mantiki ya majaribio haya ni ileile. Barabara iliyojengwa kwa zege ikikosewa, kuirekebisha hugharimu mamilioni. Benchi, chungu cha maua au kibao cha plastiki vikikosewa, huondolewa asubuhi inayofuata. Aidha, mkazi asiyeweza kusoma mchoro wa mhandisi huweza kutoa maoni yake akishakalia benchi lenyewe.

Somo la Stuttgart

Si kila jaribio hupokewa kwa shangwe. Mwaka 2016, wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Stuttgart nchini Ujerumani walijenga vibaraza vya muda kwenye maegesho ya barabarani. Tofauti na Raleigh, hao walikuwa na ruhusa na walifanya kazi chini ya mradi wa utafiti wa chuo kuhusu usafiri endelevu. Kila kibaraza kilitakiwa kuwa na mlezi wa karibu, mkazi au mwenye biashara, wa kukitunza.

Stuttgart ni makao makuu ya watengenezaji wa magari ya Mercedes-Benz na Porsche, na mwaka huohuo ilikuwa imeanza kutoa tahadhari kwa wakazi siku ambazo vumbi laini lilizidi hewani. Pamoja na hayo, kupungua kwa nafasi chache tu za kuegesha kulizusha malalamiko. Wapo waliofurahia mahali pa kupumzika bila kulazimika kununua kitu, na wapo waliolalamikia maegesho yaliyopotea na takataka zilizoachwa.

Malalamiko hayo nayo ni sehemu ya matokeo. Jaribio humwonesha mpangaji ni nani atakayepoteza na ni nani atakayefagia, mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye mchoro. Panapokosekana mlezi, kibaraza kizuri huanza kuchakaa na kuwa kero, hata kama mbao zake bado ni imara.

Mipaka yake

Ipo hatari pia ya kuyatwika majaribio haya mzigo yasioweza kuubeba. Kibao kinaweza kumwambia mtu kuwa sokoni ni dakika tisa, lakini hakiwezi kumjengea njia ya waenda kwa miguu, kumwekea taa wala kupunguza mwendo wa magari kwenye kivuko. Kazi hizo zinahitaji bajeti, na bajeti iko mikononi mwa mamlaka.

Swali jingine ni la haki. Mwanafunzi anayefunga vibao usiku bila kibali aliishia kusifiwa, ilhali mchuuzi anayepanga meza kando ya barabara bila kibali huweza kunyang'anywa bidhaa zake. Wote wawili wametumia nafasi ya umma bila ruhusa. Halmashauri inayokubali jaribio la mmoja inawajibika kueleza ni kwa kigezo gani inamkatalia mwingine.

Raleigh haikubadili sheria zake kwa ajili ya mtu mmoja. Ilichofanya ni kutafuta mlango ambao wazo lingeweza kupita kihalali, likiwa na muda maalumu na jiji likiwa mmiliki wa vibao. Bila mlango wa namna hiyo, vibao 27 vingeishia stoo, na wakazi wangeendelea kuwasha magari kwa safari ya dakika saba.