Fundi Akatae Maneno, Asimkatae Mtu

Mji wa Same umekaa chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Kama ilivyo katika kila mji wa njiani, wapo humo mafundi wanaoishi kwa kuandika: mabango ya maduka, maneno ya nyuma ya mabasi, fulana za mikutano na keki za harusi. Swali tunaloliweka mbele ya wasomaji leo ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Je, fundi ana haki ya kukataa kazi kwa sababu maneno aliyoagizwa yanamchukiza?

Wasomaji wetu wa Visiwani hawatalistaajabia swali hili. Wao wanaijua kanga. Mvaaji husema bila kufungua kinywa, na anayesemwa hujitambua. Maneno yakishaandikwa juu ya kitambaa yamekuwa kauli, na mkono ulioyaandika hauwezi kujidai kuwa haukushiriki.

Huko Upare swali lina uzito wa pekee. Wasabato walifika Upare ya Kusini mwaka 1903. Walutheri na Waislamu nao wana makanisa na misikiti yao katika milima hiyo hiyo. Watu hawa ni ndugu wa koo moja na wateja wa soko moja. Je, Msabato alazimishwe kuandika sifa za pombe? Mwislamu alazimishwe kuchora bango la kusifia nyama ya nguruwe? Sisi tunasema hapana. Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa maoni katika ibara ya 18 na uhuru wa imani katika ibara ya 19. Nayo Sheria ya Mikataba inataka kila mapatano yawe ya hiari. Hiari isiyokuwa na nafasi ya kukataa si hiari.

Lakini haki hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe ni mtu. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi wa kabila, dini, maoni ya kisiasa, jinsia na mengineyo. Ingawa katazo hilo linawaelekea kwanza wenye mamlaka, mafunzo yake yanamhusu kila mwenye duka. Fundi anayekataa kuandika jina la msikiti au la kanisa hakatai hoja yoyote, kwa kuwa jina si hoja. Anawakataa watu. Vivyo hivyo anayewaandikia wa chama kimoja “Karibuni mkutanoni”, kisha akawanyima wa chama kingine maneno hayo hayo.

Kipimo hiki kimetumika pia ng’ambo. Mwaka 2014 waokaji wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, walikataa kuandika juu ya keki maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Mahakama za chini ziliamua dhidi yao. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwapa haki, kwa kuwa walikataa ujumbe, wala si mteja. Yeyote angaliyeagiza maneno hayo angalikataliwa. Basi fundi wa Same naye ajiulize: maneno haya yangeletwa na ndugu yangu wa tumbo moja, ningeyaandika? Akijibu ndiyo, basi anachokikataa ni mtu.

Hatusahau kwamba vijijini milimani fundi huenda akawa mmoja tu, na kukataa kwake humgharimu mteja nauli na siku nzima ya kushuka mjini. Kwa hiyo anayekataa aseme mapema, kabla ya kupokea malipo ya awali, na aseme kwa adabu. Tena amuuzie mteja ubao mtupu, rangi au fulana isiyoandikwa, mteja akajiandikie. Kwa njia hiyo dhamiri ya mmoja haiwi kizuizi cha kauli ya mwingine.

Kwa viongozi wa Serikali tuna neno moja. Yaliyokatazwa na sheria, kama matusi na uchochezi, yana sheria yake. Yasiyokatazwa, afisa asimpigie fundi simu kumwonya asiyaandike, wala leseni isigeuzwe fimbo. Kukataa kwa fundi kuna heshima pale tu kunapotoka moyoni mwake. Kukitoka ofisini, huko ni kuwafunga wananchi midomo kwa mkono wa kuazima.

Upare haihitaji kufundishwa thamani ya kukataa. Mwaka 1945 umati wa Wapare ulikwenda Same kuipinga kodi ya mbiru mbele ya wakoloni, hadharani, kwa sababu iliyojulikana na wote. Fundi mwenye dhamiri naye akatae hivyo hivyo: waziwazi, kwa sababu anayoweza kuitaja mbele ya mteja wake, na kesho yake amfungulie mteja huyo huyo mlango wa duka.