Nyuzi Nane za Bach Kwenye Skrini

Wasanii wengi wakitaka kuuonyesha muziki wa kale wa Ulaya kwa picha hukimbilia rangi. Ngoma ikivuma, skrini inawaka nyekundu; fidla zikilia, mawimbi ya bluu yanapita. Hupendeza, lakini ukizima sauti, picha haikuambii hata kidogo wimbo ulikuwa upi. Ndiyo maana Baroque.me, kazi ya mtandaoni ya mwaka 2011 ya Alexander Chen, kwangu bado ni ya kupigiwa mfano.

Chen alichukua Prelude, yaani utangulizi, ya Suite ya kwanza ya sello, ambayo Johann Sebastian Bach aliitunga yapata mwaka 1720. Kwenye skrini Chen ameweka nyuzi nane tu, na vidoti vinavyozunguka na kuzicharaza. Kila uzi ni noti moja, na urefu wake unafuata hesabu ya sauti: uzi ukifupishwa nusu, sauti hupanda oktavo nzima, ukibaki theluthi mbili, do hugeuka so. Aliyewahi kuitazama kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ilivyokatwa mshazari, ameshaiona hesabu hiyo: nyuzi ndefu upande wa sauti nene, fupi upande wa sauti nyembamba.

Wanakwaya watanielewa upesi nikiuandika mwanzo wa Prelude kwa solfa: do, so, mi, re, mi, so, mi, so. Noti nane, nyuzi nane, kisha zinarudiwa. Do ndiyo ndefu kuliko zote. So tatu zina theluthi mbili za urefu wake. Mara so zinapanda kuwa la, mi kuwa fa, na nyuzi zao zinafupika mbele ya macho yako, lakini ile do ya chini haisogei. La nayo inapanda hadi ti, na hapo sikio linabanwa, linataka kufunguliwa. Kisha ti inaingia do ya juu, nusu kamili ya uzi mrefu, na moyo unatulia. Asiyejua kusoma noti hata moja ameona kwa nini umetulia.

Tena Baroque.me haiishii kutazamwa tu. Mwaka 1938 mtengenezaji filamu Oskar Fischinger aliichezesha miduara ya karatasi kwenye filamu kwa muziki wa Liszt, ikapendeza sana, lakini mtazamaji alikaa kitini tu. Kwa Chen unapitisha kipanya juu ya uzi nao unalia, na ufupi wake unausikia papo hapo.

Ninachokikosa ni pumzi. Vidoti huzunguka kwa mwendo wa mashine, ilhali mpiga sello Pablo Casals, aliyerekodi suite zote sita za Bach kati ya 1936 na 1939, huivuta noti moja akaikimbiza nyingine, na uhai wa Prelude uko humo pia. Natamani mbunifu fulani avifungamanishe vidoti hivyo na rekodi ya mpigaji halisi, vichelewe anapochelewa, ili ule uzi mrefu wa do tuuone ukingojwa.