Si bluzi na glavu tu: namna ya kupima hatari ndani ya labo zetu



Wiki iliyopita mdogo mmoja wa Kayna, anayesoma agronomia Butembo, aliniandikia kwa WhatsApp: "Yaya, TFC yangu ni juu ya udongo wa mashamba ya viazi. Wananiomba niweke sehemu moja juu ya usalama kwenye labo. Niandike nini? Si ni bluzi na glavu tu?" Nilianza kumjibu kwa kifupi, nikaona jibu linazidi kurefuka. Njo nimelileta hapa, juu najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mnakumbuka wakati wa Ebola, kutoka Agosti 2018 hadi Juni 2020. Karibu kila mlango wa Beni na Butembo ulikuwa na ndoo ya maji ya klore: ya 0,05 % kwa mikono, ya 0,5 % kwa kupangusa vitu. Hata mama muuza mihogo alijua kutofautisha hizo mbili. Ugonjwa ulipoisha, klore ya chembechembe iliyobaki ikawekwa popote penye nafasi. Kwenye labo moja nilikokuwa nasaidia TP (sitaitaja), iliwekwa ndani ya kabati, kwenye ndoo isiyo na etiketi, rafu moja na asidi kloridriki.

Siku moja ya Jumamosi tukafanya usafi. Mimi nikamwaga asidi ndani ya sinki ili kutoa kutu. Mwenzangu, bila kuuliza, akaleta maji ya ile ndoo akamwaga mulemule. Harufu ilipanda mara moja, kali, macho yakafunga yenyewe. Papa anayelinda labo njo alitufokea tutoke, kisha akafungua madirisha akiwa nje. Tulikohoa mpaka jioni. Tukasema ni bahati, tukanywa maziwa (ambayo hayasaidii kitu kwa mapafu, lakini kwetu kila sumu dawa yake ni maziwa), tukaenda nyumbani.

Miezi kadhaa baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Chumba kilikuwa cha mita 5 kwa 6, urefu mita 3, yaani mita 90 za ujazo, litre 90.000. Kipimo ambacho gesi ya klorini huhesabiwa kuwa hatari ya papo kwa papo kwa maisha ni sehemu 10 kwa milioni. Sehemu 10 kwa milioni za litre 90.000 ni litre 0,9 tu. Hiyo ni gesi ya uzito wa gramu 2 na nusu hivi, na klore ya chembe yenye nguvu ya 70 % inaweza kuitoa ikiwa chini ya gramu 4. Kijiko kidogo cha chai! Sisi tulikuwa na ndoo.

Hesabu hiyo ilinichukua dakika tano. Kupima hatari ni kuifanya kabla ya Jumamosi, si kisha.

Sasa, kuna mambo mawili tunayachanganya sana. Kuna ubaya wa kitu chenyewe, na kuna hatari yake kwako. Essence iliyo ndani ya tanki ya moto na essence iliyo kwenye chupa ya kadhafi kando ya barabara ni kitu kilekile. Lakini weka ile chupa karibu na mbabula ya mama anayechoma mahindi, uone. Essence haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali, jirani yake, na watu waliosimama pale. Kwa hiyo ukikuta prodwi kwenye labo, kusoma kwamba "ni sumu" haitoshi. Ujiulize: nitatumia kiasi gani? Itaingia mwilini kwa njia gani, pua, ngozi, au mdomo? Imekaa karibu na nini? Nani mwengine yuko chumbani, na ikimwagika tutafanya nini dakika ya kwanza? Jirani wa chupa tunamsahau sana, na kwetu ndiye aliyetufanya tukohoe.

Turudi kwa mdogo wangu na udongo wake. Anataka kupima kaboni ogani kwa njia ya Walkley na Black, ya tangu 1934, ambayo bado inafundishwa kila mahali. Kwa kila sampuli ya udongo unaweka mililita 10 za dikromati ya potasiamu, kisha mililita 20 za asidi sulfuriki iliyo safi kabisa, na mchanganyiko unajipasha moto wenyewe kupita nyuzi 100. Ile rangi nzuri ya machungwa ni kromu ya aina inayoleta kansa. Yeye alipanga sampuli 60, kila moja mara mbili. Nikamwambia azidishe: 120 mara mililita 20 ni litre 2,4 za asidi kali, mikononi mwa mtu mmoja, kwenye chumba kisicho na mashine ya kuvuta hewa.

Njo maana nilisema glavu ni kitu cha mwisho. Swali la kwanza ni: kazi hii ni lazima iwe kubwa hivi? Labda sampuli za shamba moja zinaweza kuchanganywa ziwe moja. La pili: kuna njia nyingine? Iko. Unachoma udongo ndani ya tanuru na kupima uzito kabla na baada. Hakuna kromu, hakuna asidi. Lakini inataka umeme wa kutegemea, na udongo wenye mfinyanzi mwingi unadanganya, juu unapoteza maji pia. Hapo lazima azungumze na profesa wake. Kisha ndipo tunafika kwa hewa, madirisha, kazi ya watu wawili wawili, asidi kumwagwa ndani ya maji na kamwe si maji ndani ya asidi. Glavu na miwani mwishoni. Na mabaki yaende ndani ya chupa yenye jina, si sinki. Sinki nilizozijua mimi bomba lake linaishia bondeni, kwenye mboga za watu.

Nisieleweke vibaya, glavu ni za lazima. Ila glavu ina jina lake. Mwaka 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa Dartmouth kule Marekani, mtaalamu wa metali zenye sumu, aliangukiwa na matone machache ya zebaki ya dimetili juu ya glavu ya latex. Ilipita ndani ya glavu bila yeye kusikia kitu. Alikufa Juni 1997. Na Sheri Sangji, aliyekuwa na miaka 23, amemaliza chuo karibuni tu kama wengi wetu hapa, aliungua kwenye labo ya UCLA Desemba 2008 akitumia prodwi inayowaka ikigusa hewa. Hakuwa na bluzi, alivaa sweta ya sintetiki. Alifariki siku 18 baadaye. Hao hawakukosa vifaa kama sisi.

Watu hupenda kuniambia: "Yaya, hizo ni labo za wazungu, sisi hatuna pesa." Nakubali nusu. Hatuna mashine ya kuoshea macho. Lakini mashine hiyo inafanya nini? Inatoa maji litre 1,5 kwa dakika, kwa dakika 15. Ni litre 22 na nusu. Bidoni moja ya njano ya litre 20 na kidogo ya litre 5, zenye robineti, zimewekwa juu ya meza karibu na mlango, maji yakibadilishwa kila wiki. Hiyo hata ofisi ya fakilite inaweza kuilipa.

Etiketi nayo ni karatasi na bic. Andika jina, nguvu, tarehe chupa ilipofunguliwa. Tarehe si mapambo: eteri iliyokaa miaka ikiwa imefunguliwa inatengeneza kitu kinacholipuka, na ukiona chembe nyeupe kwenye kifuniko usiifungue, usiitikise, ita mtu. Dawa zetu nyingi zinakuja kupitia Kasindi, zinagawanywa ndani ya chupa za maji ya kunywa, na siku mbili baadaye hakuna anayekumbuka ni nini. Hilo linanikasirisha kuliko ukosefu wa mashine.

Jana mdogo aliniandikia tena. Profesa amekubali achanganye sampuli, zimebaki 24. Sasa anatafuta robineti ya bidoni, mwenye kujua zinapouzwa rahisi pale Butembo amwambie hapa chini.