Acha lami! Njia nne za vumbi za kupiga baiskeli Nakuru

Wazee husema jina Nakuru limetoka kwa Kimaasai, na maana yake ni mahali penye vumbi. Kama umewahi kushuka matatu pale stendi mwezi wa Februari ukiwa na raba nyeupe, huhitaji maelezo zaidi.

Sasa sikia. Vumbi hilo unalolipangusa kwenye viatu ndilo wengine wanalifuata kwa ndege. Mchezo wenyewe unaitwa graveli: kuendesha baiskeli masafa marefu kwenye barabara za changarawe, mbali na lami na honi. Ulishika moto Marekani, ambako mbio maarufu za Unbound Gravel zilianza jimbo la Kansas mwaka 2006. Huko Ufaransa, waendeshaji huenda mashambani eneo la Auvergne kupita kando ya volkano zilizozimika. Kilele kirefu zaidi kwenye safu hiyo, Puy de Dôme, kina mita 1,465. Katikati ya jiji la Nakuru ni kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Yaani ukiwa umeketi Kenyatta Avenue na kikombe cha chai, tayari uko juu kuliko kilele chao. Na volkano pia tunayo, tena yetu bado inatoa mvuke.

Kwa nini vumbi?

Kwanza, usalama. Kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, mtu wa baiskeli hubaki na ule ukingo mwembamba kati ya trela na mtaro. Njia za shamba zina punda, mikokoteni na boda boda za maziwa. Hatari zipo, lakini nyingi unaziona zikija.

Pili, hapa ndipo Mkenya amepata mlango. Mbio kubwa za baiskeli za lami ziko Ulaya, na kufika huko kunahitaji timu, pesa na viza, vitu vitatu ambavyo kijana wa hapa hupata kwa jasho. Suleiman Kangangi, ambaye wengi walimjua kama Sule, aliijua safari hiyo vizuri. Alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017, kisha akawa nahodha wa Team Amani, timu ya waendeshaji wa Afrika Mashariki iliyojikita kwenye graveli. Juni 2021, mradi huo wa Amani ukaileta dunia hapa: Migration Gravel Race, siku nne na karibu kilomita 650 ndani ya Maasai Mara. Wageni wenye majina makubwa walisimama mstari mmoja na vijana wa Kenya na Uganda.

Agosti 27, 2022, Sule alianguka akiwa kwa kasi kwenye mbio za graveli huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Nakwambia hili mapema, ili tukifika kwenye miteremko usidhani nakutisha bure.

1. Hell's Gate: anzia hapa

Kama hujapanda baiskeli tangu darasa la nane, nenda Naivasha. Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache nchini zinazokuruhusu kuingia kwa baiskeli, na kuna za kukodi karibu na lango. Njia ni pana, tambarare kiasi, na unapita katikati ya pundamilia, twiga na ngiri ukitazama kuta za miamba. Kagua breki na gia kabla hujalipa, kwa sababu nyingine zimechoka.

Nyati wape nafasi yao. Na mawingu yakitanda, usishuke kwenye korongo: Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwasomba watalii humo na kuua kadhaa. Mvua inaweza kunyesha mbali huko juu na maji yakakukuta ukipiga selfi.

2. Menengai: kilomita chache, jasho jingi

Kutoka jijini hadi ukingo wa kreta si mbali, kilomita kumi hivi. Shida ni kwamba unapanda karibu mita 400, kwa kuwa sehemu ya juu kabisa iko mita 2,278. Weka gia nyepesi mapema, kaa kitini, usishindane na mtu. Ukishindwa, shuka usukume. Hakuna anayekuchukulia alama.

Juu, ardhi inakatika ghafla. Mbele yako kuna shimo la volkano lenye upana wa kilomita 12 kwa 8. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 Wamaasai wa Ilpurko waliwashinda Ilaikipiak na kuwatupa humo, na kwamba ule mvuke ni roho zao. Siku hizi mvuke huohuo unachimbwa ili kuzalisha umeme.

Kushuka ndiko noma. Changarawe huteleza kama maharagwe kwenye sakafu. Punguza kasi kabla ya kona, si ndani ya kona. Breki ya mbele ishike taratibu, sukuma makalio nyuma, na macho yatazame unakotaka kwenda. Usiende peke yako, na weka simu mfukoni.

3. Gilgil, Kariandusi, Elmenteita: ya kutwa

Panda matatu hadi Gilgil. Makanga huenda akakutoza nafasi ya baiskeli, kwa hivyo elewaneni kabla ya kupakia. Kariandusi utaona shoka za mawe za watu wa kale, eneo ambalo Louis Leakey alilichimbua mwishoni mwa miaka ya 1920, pamoja na machimbo ya udongo mweupe wa diatomiti. Kisha shuka kuelekea ziwani kupitia Kekopey, kwenye chemchemi za maji moto.

Ziwa Elmenteita, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Mwari weupe huzaliana hapo. Kipande kifupi cha barabara kuu hakikwepeki. Ukiona trela zimezidi, shuka utembee ukingoni. Na Soysambu ni hifadhi ya kibinafsi: huingii bila ruhusa na malipo.

4. Njoro hadi Mau Narok: ya wenye mapafu

Hii ni ya ukishazoea. Ukipita Njoro na Chuo Kikuu cha Egerton, acha lami uingie njia za mashamba: ngano, viazi, karoti, na baridi inayokuuma masikio. Utapita mita 2,500, na pumzi itakwambia.

Epuka Machi hadi Mei. Mvua ikinyesha, udongo wa huku hunata kwenye tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na utaibeba baiskeli badala ya ikubebe. Hata msimu wa kiangazi, anza saa kumi na mbili asubuhi ili alasiri ikukute ukirudi.

Baiskeli? Usijali

Huhitaji ile ya bei ya gari. Baiskeli ya milima ya mtumba yenye breki nzuri na tairi pana inatosha. Punguza upepo kidogo ili tairi ishike changarawe, lakini usipunguze hadi rimu igonge mawe. Beba tyubu ya akiba, viraka, pampu, lita mbili za maji na chaja ya simu. Miiba ya migunga haina huruma. Kofia ngumu si ya hiari.

Halafu kuna adabu. Njia nyingi kati ya hizi zinapita kwenye boma na shamba la mtu. Salimu. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Mama akiwa na ng'ombe barabarani, simama wapite. Ukimpiga mtu picha bila kumwuliza, umefanya kilekile tunacholalamikia watalii. Nunua ndizi na chai kwenye kibanda cha hapo, usibebe kila kitu kutoka supamaketi.

Jumamosi hii anza na Menengai. Tafuta wenzako wawili, peleka baiskeli kwa fundi Ijumaa jioni akaze breki, na mwambie mtu nyumbani njia mnayopita. Zile raba nyeupe ziache.